Mguu wa Kuku wa Kwanza

Kazi ya ushenga haimfai mtu mwenye hasira, na mie hasira ninazo, nasema mapema ili tusisumbuane. Lakini Eliud alipokuja kwangu Alby na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayengoja kung'olewa jino, akasema, "Anti Amne, nataka uende kwa kina Heshima ukaniombee," ningemwambia nini? Mama yake yuko Nairobi na miguu haimruhusu kusafiri. Hapa Stockholm mtu wake ni mie, jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Tanga nisiyechangia naye kabila wala dini. Ni kijana mpole, fundi wa lifti, hanywi, hagombani na mtu. Ana kilema kimoja tu: hawezi kuchagua kitu peke yake. Hata mswaki akinunua hunipigia simu kutoka dukani tuujadili.

Basi nikajitanda, nikapanda treni mpaka Vårby gård kwa Mzee Firmin na mkewe Denise, wazazi wa Heshima. Ni Wakongo wa Uvira, watu wa kanisa, wakarimu hadi unaogopa kusifu kitu chao maana utafungiwa uondoke nacho. Denise alikuwa amenunua kuku wa halali kwa ajili yangu peke yangu. Mzee Firmin kazi yake ni kupaka rangi majumba. Maneno yake ni machache, na anakusikiliza kama anayengoja rangi ikauke.

Nikammwagia sifa za Eliud mpaka nikakaukwa na koo. Mzee akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mama Amne, mimi sitauliza mambo mengi. Maskini atafanya kazi. Mvivu mke wake atamwamsha. Lakini mtu wa bunduki, hapana. Kwetu waliokuja na bunduki walikuwa watoto wa majirani, tunawajua kwa majina, walikula kwetu. Mtu akishazoea kuishika hakuangalii tena usoni. Niambie kweli. Huyu kijana amewahi kushika bunduki?"

Nikacheka. "Baba Heshima, nani, Eliud? Eliud akikata mkate hufumba jicho moja! Naapa kwa Mwenyezi Mungu, bunduki hajaishika."

Na siku ile ilikuwa kweli tupu.

"Vizuri," akasema mzee. "Jumapili aje tule naye. Nikishamwona, nitatoa jibu langu. Ni ndiyo au hapana, na nikisema hapana msirudi kunibembeleza."

Hapo ndipo simu yangu ikalia. Simu yenyewe sikio lake limekufa, husikika kwa sauti kubwa tu, sebule nzima ikasikia.

"Anti, niaje, yaani, shikamoo!" Alikuwa Eliud, na nyuma yake kelele za watu.

"Marahaba. Niko ukweni kwako, sema haraka."

Sijui kama alisikia. "Niko kwa treni, siwezi kuongea sana, kumejaa watu wetu. Jumamosi nisindikize mahali. Nataka kununua mguu wa kuku."

"Mguu wa kuku?"

"Eeh. Wa kwanza wangu. Si unanijua, sijawahi kushika hata mmoja. Naogopa wataniuzia takataka."

Denise akajifunika mdomo kwa kiganja. Kijana wa watu! Anajifunza kupika kwa ajili ya ukweni! Mie mwenyewe moyo ulilainika.

"Unataka mingapi?"

"Mmoja tu, Anti, wa kuanzia. Sasa nimechanganyikiwa. Nichukue wa umeme au wa gesi?"

Denise hakuweza kujizuia. "Umeme!" akapaza sauti. "Gaz inababua nje, ndani damu tupu!"

"Na kwa baridi hii," nikaongeza, maana nina jiko langu dogo la gesi pale barazani na nalijua, "gesi hulegea. Chukua umeme, mwanangu."

"Hata watu wa kazini wamesema hivyo hivyo! Mrefu au mfupi?"

"Mfupi, mnene."

"Lakini mwepesi, si ndio? Mzito utanichosha mikono."

"Mzito ndio wenye faida. Usidanganywe."

"Na wa chuma au wa plastiki?"

"Chuma!" akasema Denise. "Plastiki itayeyuka!" Lakini treni ilikuwa imeingia shimoni, sauti ikapotea, kisha ikarudi.

"Ni halali lakini?" nikamuuliza. Jambo hilo mie silichezei.

"Halali kabisa, Anti. Mradi mnunuzi awe ametimiza miaka kumi na minane."

Nikamtazama Denise, Denise akanyanyua mabega. Nchi hii ina sheria ya kila kitu. Wameweka umri kwenye bia na sigara, siku wakiuweka kwenye kuku nani atashangaa?

"Mwambie Jumapili aulete hapa tuuone!" akasema Denise.

Zikasikika breki za treni. Kisha Eliud akasema polepole, "Huyo ni Mama Heshima? Anataka niulete hapo? Na Baba je?"

Mzee Firmin akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Aulete. Mimi mguu wa kuku naupenda sana."

"Mungu ni mwema," akasema Eliud, na sauti ilikuwa inatetemeka. "Anti, Mungu ni mwema." Simu ikakatika.

Nikajisemea, huyu kijana anampenda kuku kwa dhati. Nyinyi mliokulia Nairobi najua mmeshaanza kucheka huko mliko. Chekeni tu. Mie wa Tanga ningejuaje?

Jumamosi nikabeba mkoba wangu wa magurudumu wa kwendea sokoni, ndani nimeweka mfuko wa barafu, ndimu, na tangawizi, nia yangu nimfundishe kuuroweka mara tukirudi nyumbani. Eliud akanichukua kwa gari lake dogo. Tukalipita duka la nyama la Fittja. Nikamwonyesha kwa kidole, akasema, "Si hapo, Anti, kuna duka maalumu." Maalumu! Nikaona kijana amekusudia.

Tukafika kwenye mtaa wa magodauni. Akafungua mlango, kengele ikalia, mie nikatangulia na mkoba wangu. Nilipoinua macho nikasoma shahada.

Ukuta mzima bunduki. Kushoto bunduki, kulia bunduki, ndefu, fupi, nyeusi, za rangi ya majani. Sanamu la dukani limevaa kombati na barakoa usoni kama linangoja kuniuliza kitambulisho. Nyuma ya kaunta msichana wa Kiswidi, nywele nyekundu kazisuka mikia miwili, ananitabasamia.

"Eliud," nikasema taratibu, na wanaonijua wanajua nikisema taratibu ni hatari. "Kuku wako wapi?"

"Kuku gani, Anti?"

"Mguu wa kuku!"

Akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Si hii hapa."

Jamani, kumbe kwa watoto wa Nairobi mguu wa kuku ni bastola, au silaha yoyote ya kushika mkononi! Wanaiita hivyo mitaani ili mwenye kusikia asisikie. Na Eliud hakutaka kutamka neno bunduki ndani ya treni iliyojaa mama zetu wa Fittja, akaona atumie neno la nyumbani, akidhani Mswahili yeyote atalielewa. Kiswahili ni kimoja, wanasema. Nani kasema? Aje aniambie mie.

Nikamvuta shati mpaka nyuma ya rafu ya kofia. "Umerukwa na akili? Nimeapa! Nimeapa kwa Mola wangu mbele ya mzee wa watu kwamba wewe na bunduki hamjuani, na wewe unanileta nikuchagulie!"

"Lakini si ya kweli, Anti! Ni ya mchezo. Inatoa vipunje vya plastiki. Watu wazima wanacheza msituni, timu kwa timu."

"Cheza karata!"

"Na tena Mama Heshima mwenyewe alisema niilete. Na Baba akasema anaipenda sana! Heshima alikuwa ameniambia baba yake hataki hata kuziona kwenye televisheni. Mimi nilipomsikia nikalia kwa treni, mtu akanipa kitambaa."

Nikakalia mkoba wangu wa sokoni. Barafu ikaniganda chini. Nikamwelezea: umeme wa jiko, gesi ya jiko, plastiki ya kuyeyuka kwenye oveni. Nikamwona uso unavyomshuka, na lau ningekuwa na roho ngumu ningecheka.

"Basi tuondoke," nikasema.

Hakuondoka. Alisimama akitazama viatu vyake. "Anti, mimi niko pale kazini miaka sita. Miaka sita wananiambia hej asubuhi, hej jioni. Wanaalikana nyumbani, wanaenda kuvua, mimi najua kwa kuona picha. Wiki iliyopita Isak, yule tunayefunga naye lifti, akaniambia, 'Mwisho wa mwezi njoo ucheze na sisi, nimeshasema utakuja.' Nimeshasema utakuja, Anti. Hakuna mtu hapa aliyewahi kusema hivyo juu yangu. Wanakodisha pia, lakini nikafikiri, nikienda na yangu wataona sikuja mara moja tu."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nilikulia na methali hiyo. Na mie hapa mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasalimiana na mashine ya tiketi. Nikasimama, nikajipangusa maji ya barafu.

"Haya. Utanunua. Lakini kitu hicho kitalala ndani ya buti ya gari, na kesho hilo neno halitamkwi. Tutaoka miguu ya kuku ya kweli, kuku mwenye manyoya, na wewe utafunga bakuli lako. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Sasa kumchagulia Eliud kitu ni kazi ya kutwa. Yule msichana, jina lake Josefin, alikuwa na subira ambayo mie sijajaliwa. Alianza kwa kutuletea miwani ya kujikinga na barakoa. Akasema, bunduki unaweza kuazima kwa mwenzio, jicho huazimi. Nikampenda palepale. Kisha akapanga tatu mezani. Ya kwanza ya springi, unaikoki kwa mkono kila unapopiga. Eliud akaikoki, akajibana kidole. Ya pili ya gesi. "Nzuri," akasema Josefin, "lakini baridi ikiingia gesi inakosa nguvu, bunduki inabaki inapiga chafya." Ya tatu ya umeme, ina betri, unaichaji kama simu. "Kwa anayeanza, hii."

Eliud akageuka kunitazama, macho yamemtoka. "Anti! Ulisema hivyo hivyo!"

"Nilisema juu ya jiko."

Lakini siwezi kusema uongo, nilijisikia mtaalamu.

Macho ya Eliud yakaenda kwenye dude moja refu jeusi lenye darubini juu, kama la sinema. Akalibeba, akajitazama kwenye kioo, akageuka upande, akajitazama tena. Josefin akamwambia alishike hivyo hivyo huku wanaongea. Wakaongea. Mikono ikaanza kumtetemeka. "Huko msituni ni mchana kutwa, na kuna vilima," akasema Josefin. Eliud akalirudisha. Kisha akachukua nyingine, akairudisha. Akauliza ya kahawia na ya kijani ipi itakwenda na koti lake. Wateja wengine wawili waliingia, wakanunua, wakaondoka.

Nikachoka. "Ile pale! Fupi, nyepesi, ya umeme. Plastiki nje, chuma ndani. Ina mkanda wa begani. Inakutosha mkononi. Ya rangi yoyote, miti haitajali!"

"Mama yako anajua," Josefin akamwambia Eliud kwa Kiswidi. Sikumsahihisha. Akatukabidhi ndani ya begi lililofungwa zipu, akatuonya isionekane hadharani hata ncha yake, watu wakiiona watapiga simu polisi. Hakuhitaji kunionya mie. Mie ningeifunga kwa sanda.

Jumapili tukafika Vårby gård na trei ya miguu ya kuku imefunikwa karatasi ya fedha. Nilikuwa nimeiroweka mwenyewe, nimeioka mwenyewe, na Eliud kazi yake ilikuwa kunusa. Bunduki imelala kwenye buti chini kwenye maegesho. Heshima akatufungulia mlango, msichana wa uuguzi, mchangamfu, akamtazama Eliud akaona jasho, akanitazama mie. Nikamfinyia jicho aingie ndani.

Denise akaipokea trei kwa nderemo. "Ndio huu! Alors, ulichukua wa umeme au wa gaz?"

Eliud akanitazama. "Wa umeme, Mama."

"Ulichagua mwenyewe?"

"Anti alinisaidia."

"Mzito?"

"Hapana, mwepesi."

"Ah! Si tulikwambia mzito!"

Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila ukweli ulikuwa unanikata maini. Tukakaa. Mezani kulikuwa na wali, sombe, yaani kisamvu chao, na kuku mzima wa Denise kwenye mchuzi. Mzee Firmin akala mguu mmoja wa Eliud, akala wa pili. Akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, Mola, tuvushe, nitafunga siku tatu.

Mzee akaweka kitambaa mezani. "Mama Amne, siku ile uliniapia jambo. Leo kijana yuko hapa. Niapie tena mbele yake, na yeye asikie, kisha nitoe jibu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile mie niliona inanitosha kunifikisha harusini. Nilimtazama Heshima, kashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Yule mtoto anampenda huyu bwege, nikajua nitasema. Nikafungua kinywa. "Naapa kwa Mwenyezi..."

"Baba, asiape."

Eliud alikuwa amenyanyua mkono kama mwanafunzi darasani.

"Nyamaza," nikamwambia kwa meno.

"Baba, bunduki nimeshika. Jana. Nimenunua. Ni ya mchezo, ya plastiki, lakini ni bunduki, na Heshima alikuwa ameniambia unavyoziona." Kisha akamwaga yote, treni, mguu wa kuku, Isak, duka, hadi barafu niliyoikalia. Hilo la barafu hakukuwa na haja.

Denise aliganda na kijiko hewani. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema alete bunduki kwangu? Mimi nikamshauri na chuma?" Kicheko kikamtoka, akakimeza haraka alipomwona mumewe hacheki.

"Pappa," akaanza Heshima. Mzee akamnyamazisha kwa kidole.

"Iko wapi?"

"Kwenye gari, Baba."

"Ilete."

Eliud alishuka. Mie nilikuwa natafuta mkoba wangu kwa macho. Mjumbe hauawi, ni sawa, lakini hawakusema hafukuzwi. Hasira zilinipanda mpaka masikioni: ningefunga zipu ya mdomo wake badala ya ile ya begi!

Akarudi, akaweka begi miguuni pa mzee. Mzee akalifungua mwenyewe. Akaitoa bunduki kwa mikono yake mikubwa yenye madoa ya rangi nyeupe, akaipima uzito. Uso wake ulikuwa hausomeki.

"Inaua?"

"Haiui, Baba. Inawasha tu, kama umerushiwa punje ya pilipili manga."

"Na ukipigwa?"

"Isak amenieleza. Unainua mkono, unasema träff, yaani nimepigwa. Unatoka, unaenda kukaa pembeni unywe kahawa. Raundi ikianza upya unarudi."

"Refa anawaona wote hao msituni?"

"Hakuna refa. Hivyo vipunje ni vidogo, havionekani. Aliyepigwa ndiye anajua peke yake. Anasema mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Anaendelea kucheza. Lakini hawamwiti tena."

Mzee Firmin aliitazama ile bunduki muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani kapandisha hasira, kumbe anacheka. "Denise, unasikia? Watu wa huku wana vita vyao. Mtu anapigwa, anasema mwenyewe jamani nimepigwa, anakwenda kunywa kahawa. Halafu anarudi mzima!" Akacheka, akacheka, akajipangusa macho, na macho yakaendelea kumwagika hata kicheko kilipokwisha. "Ludovic angeupenda mchezo huu," akasema.

Ludovic alikuwa mdogo wake. Heshima aliniambia baadaye kwamba jina hilo lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile tangu yeye azaliwe. Denise aliweka mkono mgongoni pa mumewe.

Mzee akairudisha bunduki kwenye begi, akafunga zipu. "Kijana. Mshenga wako alikuwa tayari kuapa. Mimi ningemwamini. Kwa nini hukumwacha?"

"Anti ni mtu wa swala," akasema Eliud. "Nisingeweza kuoa kwa kiapo chake cha uongo."

Wallahi, nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Miaka yote nimemchagulia shati, godoro, hadi mswaki, na kumbe hili alilichagua peke yake. Nikajifanya nimepaliwa na pilipili.

"Kitu hiki hakitalala kwangu," akasema mzee, "wala kwenye nyumba atakayolala mwanangu."

"Kitalala kwa Isak, Baba. Ana kabati la kufunga."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akalivuta bakuli la Denise, akapekua mchuzi kwa kijiko taratibu, huku na huku, mpaka akaipata firigisi. Akainyanyua, akaiacha ichuruzike mchuzi, akaiweka katikati ya sahani ya Eliud.

Denise akashika kifua. Heshima akafumba macho. Maana kwa Wakongo, kama kwetu Tanga, kuku ana firigisi moja na nyumba ina mwenyewe mmoja. Mke haigusi, mtoto haigusi, mgeni hapewi hata akiwa waziri. Baba mwenye nyumba akiitoa kwenye sehemu yake na kumpa kijana, hakuna neno jingine lililobaki kusemwa.

Eliud aliitazama, akaisogeza pembeni kwa uma.

"Asante sana, Baba," akasema kwa adabu, "lakini mimi firigisi sili."

Nilimkanyaga chini ya meza kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote. "Kula, wewe!" nikamwambia. "Umeshaoa!"

Akaibugia nzima bila kutafuna, machozi yakimlenga, na Denise akapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akatugongea sakafu.